Panki za Kaku na Majani ya Bafuni

Ilianza kama mluzi wa mtu aliyepoteza meno ya mbele: fiiii, nyembamba, ya kuchosha masikio, halafu ikapasuka, pwaa! Hiyo ni sauti ya jani la mgomba likilazwa juu ya chuma cha moto. Maji yaliyojificha kwenye mishipa ya jani yanatafuta mlango wa kutokea, hayauoni, yanalia. Kisha jani linaacha ukijani wake na kuwa na rangi ya mafuta ya gari yaliyomwagwa. Kuna watu ambao sauti ya utoto wao ni kengele ya kanisa au mama akiimba. Mimi nimebaki na hiyo. Nikiisikia hata leo, ulimi wangu unarudi nyuma wenyewe, na mdomo unajaa yale mate mepesi yanayokuja kabla ya kutapika.

Juzi niliingia duka moja mjini kununua uzi na vifungo, maana nashona nguo, na ninaota siku moja nitakuwa na duka langu lenye kioo kikubwa na mwanasesere aliyevaa gauni dirishani. Mke wa mwenye duka alikuwa anakula nyuma ya meza. Akafungua kopo dogo. Harufu ikanifikia kabla hajalifunga. Nilitoka bila uzi wala vifungo, nikasimama barabarani kwenye vumbi la malori, macho yanatoa machozi, huku nacheka peke yangu kama mwenye kichaa. Wewe msomaji wa rika langu, labda wewe pia una chakula kimoja cha nyumbani ambacho ungependa kisiwahi kuwepo duniani. Changu ni panki.

Panki ni mkate mwembamba wa Wahindi, wa chumvi, wa unga wa mchele, unaopikwa ukiwa umebanwa katikati ya majani ya mgomba. Sisi si Wahindi. Sisi ni watu wa Kasai. Baba wa babu yangu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, akazaa, akazikwa huku, na siku hizi hata ndoto zetu tunaziota kwa Kiswahili cha Kolwezi. Lakini bibi yangu, ambaye kwa desturi yetu tulimwita Kaku, alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Mhindi mmoja muuza vitambaa, zamani, kabla mimi sijazaliwa. Alipika, alifua, na zaidi ya yote alilea mtoto wao wa kiume, Nilu.

Kaku alimzungumzia Nilu kama mtu aliyetoka nje kukojoa tu na atarudi sasa hivi. "Nilu hapendi maji ya baridi." "Nilu analalaka na mukono juu ya sikio." Nikikataa kuoga: "Nilu yeye halie." Basi mimi nilijua hakika kwamba kuna mtoto mahali fulani, wa kimo changu, mwenye kaptula, anayelala mkono sikioni na kuoga bila kulia. Sikumpenda sana. Kwa nini nimpende? Lakini nilimzoea, kama unavyomzoea ndugu ambaye yuko shule ya bweni.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba Nilu huyo aliondoka siku ile maduka ya mji yalipovunjwa na kuporwa. Kaku alifika kazini asubuhi akakuta mlango wazi, sufuria sakafuni, na nyumba tupu. Walikuwa wamekimbia gizani na gari, mtoto amefungwa ndani ya blanketi. Hakuna aliyeaga. Kaku akaokota alichookota, akarudi nyumbani kwa miguu. Hayo Mama ndiye aliyenisimulia nikiwa mkubwa. Kaku mwenyewe hakuwahi kuyasema.

Siku moja Mama alirudi kutoka sokoni, akatua beseni lake mlangoni bila hata kuvua kilemba.

"Kaku, kuko Muhindi moja anakuulizia ku soko. Anauliza kwa kila mutu: Mama Ngalula, mwenye alifanyaka kazi kwa tata wa bitambaa, anaishi wapi? Anasema yeye njo Nilu."

Kaku alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, majani yakamwagika miguuni.

"Amekula?" aliuliza.

"Mama, mi nitajua namna gani kama amekula? Anakuya siku ya Mungu, ile ya nyuma ya hii inayokuya. Kisha misa."

"Nitamupikia panki," Kaku alisema. Akajishika mashavu yake, ambayo yalikuwa yamelegea kama mifuko mitupu. "Hii uso hataijua. Imeshaka kuzeeka. Lakini akilamba tu panki, atanijua."

Ndivyo jambo lilivyowekwa mezani, na kila mtu nyumbani alilielewa, hata mimi. Nilu anakuja, na Kaku anaogopa kwamba mtoto amemsahau. Panki ndiyo itakayosema kama bado ana mtoto au hana.

Mama Odia, jirani yetu, ambaye masikio yake yaliishi upande wetu wa ua, alicheka mpaka ua wa matete ukatikisika.

"Muhindi akukumbuke weye, Mama Ngalula? Bale banakumbukaka funguo ya duka tu!"

"Pika chakula chako, Mama Odia. Naskia inaungua," Kaku alimjibu.

"Chakula yangu haina kuungua. Na yako ya majani itamufukuza ile mutoto mpaka Kisenge kwa miguu!"

Kaku hakuwa amepika panki tangu ile nyumba ifungwe. Kwa hiyo akaamua kujizoeza kwanza. Na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Katika nyumba ya Wahindi unga wa mchele ulichanganywa na maziwa yaliyoganda. Sisi maziwa yaliyoganda tungeyatoa wapi? Kaku alifikiri kidogo, akatazama huku na huku, akaona bidoni, dumu la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi kinachochachuka kikikaa. "Uchachu ni uchachu," alisema, akamimina munkoyo ndani ya unga. Mtu yeyote wa Katanga angefanya vile vile, na Mhindi yeyote angepiga ukelele. Maziwa yanachachuka yakatulia. Munkoyo hautulii. Munkoyo ukipewa unga mpya ni kama mlevi aliyepewa chupa ya pili.

Ilikuwa majira ya baridi, yale ya asubuhi ambapo mdomo unatoa moshi. Kaku alitafuta mahali pa joto pa kulaza ndoo yake, akapapata: chini ya kitanda changu.

"Inataka kulala kwanza," aliniambia. "Kisha itaamuka."

Nililala juu ya kitu kinachopumua. Sisemi kwa mfano. Kulikuwa na giza, Mama anakoroma chumba cha pili, na chini yangu ndoo ilikuwa inasema: blupu. Kimya. Blupu. Nilikunja miguu ili kisije kikanishika. Harufu ilipanda polepole kupitia godoro, harufu ya matapiko ya mtoto mchanga kwenye bega la mama yake, tamu kidogo, chachu, yenye joto. Asubuhi kifuniko kilikuwa kimesukumwa pembeni. Uji mweupe ulikuwa umemwagika ubavuni mwa ndoo kama kohozi, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kwenda kunywa. Wengine walikuwa wamezama, miguu juu. Kaku aliwaondoa kwa kidole. Halafu kile kidole akakilamba.

"Imeamuka!" alisema, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepokea mgeni.

Baada ya hapo akatia manjano, pilipili, vitunguu vilivyopondwa. Mwishoni akaleta kopo aliloliokota katika nyumba ile tupu. Kopo hilo alilitunza kwenye sanduku lake la chini, ndani ya nguo aliyoiandaa kuzikwa nayo, na lilifungwa kwa mifuko ya plastiki iliyovishwa moja juu ya nyingine, na bado ile nguo ilinuka. Ndani yake kulikuwa na jiwe la kahawia, gumu, kama nta ya masikio ya tembo. Aliliparuza kwa kisu. Siku hizi najua kwamba watu wa pwani wanaliita mvuje na wanalitumia bila kuona ubaya. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: kitunguu kilichooza ndani ya soksi ya mchimbaji aliyeshinda shimoni wiki nzima, ndicho hicho. Kilikaa kwenye nywele zangu na kwenye blauzi yangu nyeupe ya shule. Rafiki yangu wa dawati alihamia dawati la nyuma, akasema mwalimu amemhamisha. Mwalimu hakuwa amesema neno.

Na bado sijafika kwenye majani.

Mgomba wetu ulikuwa umeota nyuma ya bafu. Wewe unajua bafu zetu: mabati manne, jiwe la kusimamia, na tundu pale chini ambapo maji yanatoka. Maji yale yote yalikwenda kwa mgomba. Ndiyo sababu katika barabara yetu yote, ambapo kila kitu kilikuwa chekundu kwa vumbi la malori ya madini, mgomba wetu peke yake ulikuwa umenenepa kama mke wa mkubwa. Ulikunywa sabuni yetu. Ulikunywa uchafu wa miguu yetu, na ndevu za Tata, baba yangu, alizonyoa siku aliporudi na lori lake. Na ulikunywa kitu kingine, maana hakuna mtu anayejimwagia maji ya baridi asubuhi bila kukojoa pale pale. Nilijua, kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo, na nilipokuwa nafanya niliuona mgomba kupitia tundu, umesimama, unangoja.

Kaku alikata majani ya huo mgomba. Akayapangusa kwa kitambaa kilicholowa, maji mekundu yakachuruzika mpaka kwenye viwiko vyake, akakamua, akapangusa tena kwa kitambaa kile kile. Akapaka mafuta. Akachota ule uji wa njano kwa vidole vitatu, akausambaza kwenye jani mpaka ukawa mwembamba, akalifunika kwa jani la pili, akalaza kwenye kikaango juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Fiiii. Pwaa.

Alipolifungua, nilitaka kulia. Mliowahi kuona mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, ile ngozi inayojivua baadaye, yenye unyevunyevu, inayoonyesha mistari yote midogo: ndiyo panki. Ilikuwa na mishipa ya jani iliyochapwa mwilini mwake. Ilitetemeka. Iling'ang'ania jani kama haitaki kuzaliwa.

"Angalia namna inapendeza," Kaku alisema.

Mama alikula akiwa amefumba macho kama anayepokea komunyo. Akameza. "Iko na chumvi," alisema.

"Chumvi namna gani? Mingi, kidogo?"

"Iko tu."

Mimi niliweka kipande changu ndani ya shavu, nikaomba ruhusa ya kwenda nje, nikamtemea bata. Bata wetu alikula misumari yenye kutu, alikula sabuni, siku moja alikula kifungo cha koti. Ile panki aliikamata, akaitikisa, akaiweka chini, akaenda kunawa mdomo kwenye dimbwi.

Kaku alijizoeza tena, na tena. Kila mara alisema haijafika, bado kidogo, ya Nilu ilikuwa laini zaidi, akalamba vidole, akalamba jani lenyewe, akaongeza kitu. Nyumba yote ikawa ndani ya tumbo la mtu mgonjwa. Na mimi, nikiwa nimelala juu ya ndoo usiku, nilianza kumfikiria Nilu kwa namna mpya. Maskini ya Mungu. Mtoto wa kimo changu, na hicho ndicho alichopewa kila siku! Ndiyo sababu alilala na mkono juu ya sikio: hakutaka kusikia ile filimbi ya majani. Chuki yangu iliisha kabisa. Jumamosi Mama aliponipa mkate wenye majarini, nilikula nusu, nusu nyingine nikaifunga kwenye karatasi na kuificha ndani ya mto wangu. Atakuja amechoka, ana njaa, na atawekewa ngozi ile mbele yake. Mimi nitamwokoa.

Jumapili gari lilisimama mbele ya ua, na vumbi lake likaendelea kuja hata baada ya lenyewe kusimama. Akashuka mwanaume mwenye ndevu nyeusi kama brashi ya viatu, miwani ya jua, amebeba katoni la soda. Nilimpita. Nikaenda kuchungulia ndani ya gari, kiti cha nyuma, hata chini ya kiti.

"Nilu iko wapi?" nilimuuliza.

"Mi njo Nilu," alisema yule mwenye ndevu.

Nilimtazama kutoka kwenye viatu mpaka juu. Nilihisi nimeibiwa.

Kiswahili chake kilikuwa cha ajabu. Kilikuwa cha Kolwezi kabisa, lakini kilibaki pale pale alipokiacha, cha mtoto, na kilitoka kwenye zile ndevu kwa sauti nzito. Aliinama mlangoni asigonge kichwa. Kaku alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, mdogo. Yule mwanaume alivua miwani, akamtazama usoni, na mimi niliyekuwa chini niliwaona wote wawili vizuri. Alikuwa anatafuta. Macho yake yalipita kwenye paji la uso, kwenye mashavu, kwenye mdomo, yakarudi, kama mtu aliyepewa funguo nyingi na hajui ipi ya mlango huu. Mwishoni akanyoosha mkono.

"Mama, jambo. Siku mingi."

Ni salamu unayompa mtu yeyote barabarani. Kaku aliona.

"Umekula?" alimuuliza. "Kaa. Kula kwanza."

Akanawishwa mikono. Kaku akaweka mbele yake sinia, panki zimepangwa ndani ya majani yake, za moto, zinatoa mvuke. Kaku akakaa kwenye kigoda karibu sana, magoti yake yanagusa meza, akainama mbele. Mama alisimama mlangoni, ameshika ncha ya kitenge. Upande wa pili wa ua hakukusikika hata kikohozi, na hiyo ilikuwa na maana kwamba Mama Odia yuko pale.

Nilu alifungua jani.

Niliona pua yake ikijifunga. Niliona mdomo wa juu ukipanda kidogo, halafu ukilazimishwa kushuka. Kile kifundo cha kooni kilipanda, kikashuka, kikapanda. Nilikijua kile kifundo! Kilikuwa changu! Akakata kipande, akaweka mdomoni, akatafuna mara moja, akakisukuma ndani ya shavu. Kikakaa pale.

"Iko muzuri, mama," alisema, na sauti ilipita kwa kuzunguka ile panki kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Unakumbuka?" Kaku aliuliza. Aliuliza polepole sana.

Nilu aliangalia chini. Shavu lake lilikuwa limetuna upande mmoja, na Kaku bado amemwinamia, anangoja, na kila alivyozidi kungoja alizidi kuwa mdogo kwenye kile kigoda. Sikuweza. Nilikimbia chumbani, nikatoa mkate wangu ndani ya mto, nikarudi nao, nikauweka juu ya magoti ya yule mwanaume.

"Kamata, kula hii," nilimwambia. "Hata mi inanishindaka. Kama unataka kutema, bata iko nyuma ya nyumba. Lakini hata yeye anakataaka."

"Mado!" Mama alipiga ukelele.

Nilu aliutazama mkate, ambao ulikuwa umelala ndani ya mto usiku kucha na ulikuwa na unyoya mmoja. Akanitazama mimi. Halafu kitu kikamlipuka kifuani. Alichukua leso mbio, akatema, na akaanza kucheka, kucheka kwa kukohoa, mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu.

"Mama Ngalu!" alisema. Kwa jina hilo hakuna aliyemwita Kaku katika ua wetu. "Mama Ngalu, mi sikupendaka panki! Hata siku moja! Weye njo ulikuwa unakulaka panki yangu! Mi nilikuwa nakupatia chini ya meza, weye unakula mbio mbio, na mi unanipatia bukari. Bukari na ndakala! Nyuma ya jiko, ulinifungaka kitambaa pa shingo, unasema: kula, kula, mama yako asione!"

Kaku alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Maana katika nyumba ile hapakuingia nyama, wala samaki, wala yai. Ilikuwa ni dini yao. Mpishi alipaswa kuacha hata viatu nje. Na yeye, nyuma ya jiko, alikuwa anamlisha mtoto wao samaki wakavu na ugali wake mwenyewe aliotoka nao nyumbani.

"Nyamaza, baba," alisema kwa kunong'ona, akiangalia mlango kana kwamba bibi wa nyumba yuko nje. "Mama yako akisikia..."

"Mama anajua! Alijuaka tangu zamani. Iko kule Uhindi, ukimutajia anashika pua. Anasema kila mangaribi nilikuwa namubusu na mulomo ya samaki, tumbo yake inapinduka, anaenda kunawa uso."

"Lakini nilikuwa nakupakaka ndimu!"

"Samaki na ndimu, Mama Ngalu. Alisema ilikuwa mubaya kupita samaki peke."

"Na juu ya nini hakunifukuza?"

Nilu aliinua mabega. "Alisema akikufukuza, nani atanilalisha?"

Kaku aliinamisha kichwa. Nilifikiri analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatokea mbali, kinapanda ngazi. Kilipofika kilimtikisa mashavu, mabega, kigoda chenyewe. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ile miaka yote alikuwa ananuka na kunyamaza! Kumbe!" Akamshika Nilu sikio, akalivuta, kama unavyomvuta mtoto, na yule mwanaume mzima akainamisha kichwa ili sikio lifike vizuri.

Kabla Mama hajafika jikoni kuweka maji ya bukari, mkono ulitokea juu ya ua wa matete, umeshika bakuli.

"Ndakala hii, kamateni," Mama Odia alisema. "Mi nilisema tangu zamani, ile mutoto hawezi kumusahau."

"Weye ulisema atakimbia mpaka Kisenge!" Kaku alimjibu kwa kicheko.

"Si amefika na gari? Angekimbia na nini?"

Nilu alikula bukari kama mtu wa hapa, anafinyanga tonge, analibonyeza kwa dole gumba, anazoa mchuzi. Kaku alikaa kando yake, anamtolea samaki vichwa, mmoja mmoja, anavitupa pembeni, kwa sababu Nilu hapendi vichwa. Mimi nilipewa soda nzima ya peke yangu. Mama alipopita akiwa na sufuria tupu, alinigusa bega akaninong'oneza: "Ile bitu ya majani, enda kumwanga kwa bata." Sinia la panki lilikuwa limesharudishwa jikoni. Hakuna aliyelikumbuka tena.

Nilikuwa nimeshasimama kwenda kumwaga. Lakini nikamwona Kaku. Nilu alikuwa anamweleza habari za kazi yake ya kununua madini, na Kaku anaitikia, eeh, eeh, na katikati ya eeh moja macho yake yakaenda kwenye mlango wa jikoni, yakakaa pale kidogo, na koo lake likacheza. Halafu yakarudi kwa mgeni. Baada ya muda yakaenda tena.

Basi ndipo nikaelewa zile siku zote. Kulamba vidole, kulamba jani, "bado kidogo, ongeza kidogo." Ulimi uliokuwa unakumbuka ulikuwa wa kwake. Tangu ile nyumba ilipofungwa hakuwa amekula panki, maana mwanamke wa kwetu hawezi kusaga mchele, kuulaza ndoo na kukata majani kwa ajili ya mdomo wake mwenyewe. Watu watamwonaje? Alihitaji kusema ni ya Nilu.

Nilikwenda jikoni peke yangu nikafunga mlango. Panki zikipoa zinakuwa mbaya zaidi. Mafuta yameganda meupe, jani limekauka na kushika, na ile harufu ya jiwe, badala ya kuruka juu, imelala mahali pamoja inakungoja. Nzi mmoja alikuwa amezama kwenye ile ya juu. Nilivuta pumzi kwa mdomo. Nilianza kwenye ncha, taratibu, ili isichanike, nikalivua jani la kwanza, lile la bafuni kwetu, lile nililolijua vizuri. Ngozi ya njano ikaniangukia kiganjani, baridi, laini, imelowa. Niliiweka chini, nikatoa kichwa dirishani, nikapumua vumbi la barabara, nikarudi. Nikavua ya pili. Nikavua zote. Nilizikunja moja moja kama vitambaa vya kanisa, nikazipanga kwenye sahani yenye maua, ile ya wageni, na ile yenye nzi nikaitoa nzi wake kwa ukucha. Kisha nikaibeba sahani kupitia mlango wa nyuma wakati wao wanacheka, nikaiweka kando ya kitanda cha Kaku, nikaifunika kwa leso safi, nikatoka nje kusugua mikono yangu kwa majivu.